Khatma Iliyopungua

Wamepokezana wasimulizi wa visa vya watu wema kwamba zama za kale kulikuwa na mji mdogo ukingoni mwa jangwa, ambao watu wake waliishi kwa kutengeneza ngozi. Maji ya visima vyake yalikuwa ya chumvichumvi, na harufu ya ngozi zilizolowekwa haikuwatoka watu mikononi hata siku ya Idi. Mji huo haukuwa na matajiri wala maulamaa wakubwa, lakini watu wake waliipenda Qurani, na walikuwa na kawaida waliyoirithi kwa wazazi wao. Ulipoingia msiba mkubwa, ukiwa ukame au nzige au maradhi, hafidhi wa mji, aliyeihifadhi Qurani yote, aliketi uani mwa msikiti kila siku baada ya sala ya alasiri. Alisoma kwa moyo kuanzia Alhamdu, siku baada ya siku, mpaka akafika mwisho, na kisomo hicho kizima waliita khatma. Wanaume walikaa mbele na wanawake nyuma, wote kimya, wakisikiliza. Siku ya kukhitimu uliletwa mtungi wa maji ukawekwa mbele ya msomaji. Dua ikaombwa, kila mtu akanywa funda moja, kisha wakarudi majumbani na matumaini yao.

Mwaka mmoja ikaingia tauni. Mtu aliamka mzima, akataniana na wenzake sokoni, na magharibi ikamkuta ndani ya sanda. Maduka yakafungwa. Ngozi zikaozea mapipani kwa kukosa wa kuzigeuza. Mahafidhi wa mji wakafa mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja tu, Wathila bin Numeiri, mwalimu wa chuo cha watoto. Msikiti ulikuwa na msahafu mmoja, umefungwa kwa kitambaa, na katika waliobaki hakuwapo aliyeweza kumfuatia Wathila kwa macho wakati akisoma. Watu wakamwambia, "Sheikh, tusomee khatma." Akakubali, akaanza.

Khatma ilikuwa bado changa pale mwanawe wa pekee, Sahli, mtoto ambaye hata meno ya utoto hayajamtoka, alipoamka na uvimbe kwapani. Jua halijapanda sana akakata roho. Waoshaji maiti wa kiume walikuwa wamekwisha wote. Aliyekuja kumwosha alikuwa Lubaba.

Huyu Lubaba alikuwa mjane mgeni, aliyefika mjini na msafara miaka ya nyuma akabaki. Aliishi karibu na makaburi, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike na watoto wadogo. Watu walimhitaji lakini hawakumpenda. Wakikutana naye njiani walivuta nguo zao zisiguse zake. Siku hiyo alimwosha Sahli taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto aliye hai, huku akimsemesha: "Geuka kidogo, baba. Haya, mkono huu sasa. Ahsante, mwanangu." Wathila alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika. Maneno yale yalimwingia kuliko kilio cha wanawake wote waliokuwa ndani.

Alasiri ilipofika, Mzee Dhirari, muadhini wa msikiti, alimwendea akamwambia, "Sheikh, leo pumzika. Hakuna atakayekulaumu."

Wathila akajibu, "Mzee wangu, hapa uani kila mtu amezika. Nikipumzika mimi, nani ana haki ya kuja?"

Akaketi, akafumba macho, akaendelea na Sura Al-Aaraf kutoka pale alipokuwa ameachia. Lakini moyo wake ulikuwa makaburini, na ulimi ulikwenda peke yake kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Sasa jueni, ndugu zangu, kwamba kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, kimo ndani ya Qurani mahali pengi, na aya za mahali hapa hufanana na aya za mahali pale kama milango ya nyumba mbili za jirani. Aliyehifadhi akighafilika huingia mlango usio wake, akaendelea kutembea humo ndani bila kujua kuwa nyumba si ile. Wathila alipofika pale ambapo wakuu wa Firauni wanamshauri awakusanye wachawi kutoka miji yote, ulimi wake uliiacha Al-Aaraf ukaingia Ash-Shuaraa. Huko nako kuna Musa na Firauni, wachawi wanasujudu na bahari inapasuka. Akasoma mpaka mwisho wa sura ile, akasema, "Amesema kweli Mwenyezi Mungu Mtukufu," akainuka, akaenda kukaa kwenye kaburi la mwanawe. Kesho yake akaanza Al-Anfal, ambayo ndiyo inayofuata baada ya Al-Aaraf. Siku za Ash-Shuaraa yenyewe zilipofika, aliisoma tena, na hakuna aliyeshtuka. Masikio ya watu yalikuwa yamezoea kumsikia Musa akirudi.

Siku ya kukhitimu ikafika. Mchota maji wa msikiti alikuwa amekufa, na mtungi ulikuwa mtupu. Wanaume walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Lubaba akainuka kule nyuma kimya kimya, akaubeba, akaenda kisimani, akaurudisha umejaa. Watu walikuwa na kiu na hofu, wakanywa. Dua ikaombwa, wakalia, wakakumbatiana.

Kwa siku chache vifo vilipungua. Watoto wakaonekana tena njiani. Kisha tauni ikarudi kwa nguvu ambayo haikuwa nayo mwanzo, ikaingia hata nyumba zilizokuwa zimesalimika. Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana: "Khatma yetu imeharibiwa na nini?"

Wathila naye alikuwa na lake. Mkewe Raita, mama wa Sahli, alikuwa amelala kitandani na homa na uvimbe shingoni. Wathila akawa anakaa karibu naye akisoma Qurani tangu mwanzo, polepole, kwa ajili yake. Siku moja asubuhi, Raita akiwa amepitiwa na usingizi, Wathila alifika mwisho wa Al-Aaraf, kwenye aya ya sijda, ambayo msomaji na wasikilizaji husujudu wanapoifikia, akashuka akaweka paji la uso chini. Na akiwa pale chini akakumbuka: uani hakushuka. Katika khatma ile yote, mahali hapa hawakusujudu, wala yeye wala watu.

Alibaki vile vile, paji la uso mchangani, akirudi nyuma kwa kumbukumbu aya moja moja mpaka akaifikia ile njia panda. Akajua alipopotea. Akajua kwamba karibu nusu ya sura haikusomwa, na kwamba mbele ya mji mzima aliomba dua ya kukhitimu juu ya khatma ambayo haikukhitimu.

Alipoinua kichwa, la kwanza alilojiambia lilikuwa hili: "Hakuna anayejua." La pili: "Na hakuna kilichopotea. Kisa ni kile kile."

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, zikasikika kelele msikitini. Wathila alipofika alimkuta Lubaba amefungwa kwa kamba za ngozi kwenye nguzo ya uani. Aliyekuwa anasema ni Sinani, mtengeneza ngozi mwenye mabega mapana. Asubuhi ile alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho, na macho yake yalikuwa mekundu makavu.

"Tumetafuta na tumepata," alisema Sinani. "Nani alijaza mtungi? Mikono iliyotoka kwenye maiti! Sote tukanywa. Khatma imetiwa najisi, na Mola ameturudishia dua yetu usoni. Kesho adhuhuri tunamtoa jangwani, na asiyetaka aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Kumtoa mtu jangwani wakati ule wa mwaka, bila mnyama na bila kiriba cha maji, ilikuwa ni kumuua bila kumgusa, na kila mmoja pale alilijua hilo.

Wathila akasogea mbele. Moyo ulimwambia sema, na ulimi ukachagua njia ya pembeni. Akasema, "Enyi watu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba tauni ikiingia katika nchi, aliyemo asitoke. Mtamtoaje mtu ilhali amekatazwa kutoka?"

"Tumekusikia, Sheikh," akajibu Sinani. "Hayo ni ya anayekimbia. Huyu hakimbii, anafukuzwa. Au una lingine?"

Wathila akatazama chini. "Sina lingine," akasema.

Watu walipotawanyika alibaki nyuma kidogo. Lubaba akamwita kwa sauti ndogo. "Sheikh wangu, nilitawadha kabla ya kuchota. Nakuapia kwa Mola wangu, nilitawadha vizuri. Lakini huenda kulibaki kitu chini ya kucha. Mimi sina elimu. Wewe unayo. Niambie kweli, ni mimi niliyewaua watoto hawa?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Badala yake akasema, "Subiri, Bi Lubaba. Hakika Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wanaosubiri." Akageuka akaenda zake kwa haraka, na maneno ya Mola wake, ambayo yote ni haki, yalikuwa machungu kinywani mwake, kwa kuwa aliyatumia kama pazia.

Baada ya sala ya alfajiri alikuwa ameketi tena kando ya mkewe. Raita alifumbua macho akamtazama.

"Baba Sahli, una nini? Tangu jana unameza maneno."

Hakuweza kumficha. Akamweleza yote, ulimi ulipoteleza, sijda iliyokosekana, mtungi na kamba. Kisha, kabla Raita hajasema neno, akaanza kujitetea.

"Ni kosa la ulimi, mama Sahli. Mola hamchukulii mtu kwa alichosahau. Na isitoshe, kisa ni kile kile! Walimsikia Musa. Waliwasikia wachawi wakisujudu. Firauni alizama mbele ya masikio yao. Kilichopungua hapa wamekipata kule. Nikisimama leo kusema, nimemfaidisha nani? Watanirarua vipande, na wewe hapa hata bakuli huwezi kulishika."

"Kisa ni kile kile," akasema Raita.

"Ni kile kile."

"Basi nisomee hicho ulichokiruka. Maadamu ni kile kile, hakitakuchosha."

Wathila akaanza kusoma, macho yake yakikwepa ya mkewe. Akasoma jinsi wachawi walivyokuja kwa Firauni wakidai ujira wao, jinsi fimbo ya Musa ilivyomeza uongo wao, na jinsi walivyoanguka kusujudu wakisema wamemwamini Mola wa walimwengu. Akasoma jinsi Firauni alivyowaapia kuwakata mikono na miguu kwa kupishana, kisha kuwasulubu wote. Akafika kwenye jibu lao katika sura hii: "Mola wetu, tumiminie subira, na utufishe hali ya kuwa ni Waislamu."

Raita akainua kidole. "Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka Raita pembeni mwa macho na kuingia masikioni, kwa kuwa alilala chali na hakuwa na nguvu za kujipangusa.

"Hii hukuisoma uani," akasema.

"Sikuisoma."

"Siku ile nilikaa nyuma, mchanga wa kaburi la mwanangu ungali kwenye nguo zangu. Nilikuja kutafuta neno la kushika. Nikakusikia ukisoma wachawi wanamwambia Firauni: si kitu, sisi tunarejea kwa Mola wetu. Nikajiambia, hao ni watu wa imani kubwa. Kwao kukatwa mikono si kitu. Kwangu mimi mtoto wangu ni kitu, baba Sahli. Ni kitu! Nikarudi nyumbani nikijiona nimetoka katika dini." Akapumzika kidogo, akivuta pumzi kwa shida. "Kumbe watu wale wale, siku ile ile, waliomba wamiminiwe subira. Wamiminiwe, kama watu ambao chombo chao kimekauka. Neno lile lilikuwa langu. Mola aliliweka pale kwa ajili yangu, nawe ukalipita, sasa waniambia kisa ni kile kile."

Wathila aliinamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa kitanda.

"Sikulaumu kwa kuteleza," akasema Raita. "Ulikuwa umemzika mwanao. Lakini yule mwanamke pale nguzoni naye ana neno lake, na umelishika wewe. Nenda kampe."

"Na wewe nikuache na nani?"

"Mimi langu nimeshalipata. Nenda, baba Sahli. Jua linapanda."

Alimnywesha maji, akamfunika, akatoka.

Uani watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Lubaba alikuwa amefunguliwa nguzoni lakini mikono ingali imefungwa, na ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwa Sinani. Wathila alipita katikati ya watu, akasimama mahali pake pa kusomea. Watu wakadhani amekuja kuomba dua, wakainua mikono.

"Shusheni mikono," akasema. "Nimekuja kusema nililolificha jana. Khatma yenu ilipungua, na aliyeipunguza ni mimi. Siku niliyomzika mwanangu nilikuwa naendelea na Al-Aaraf, nikateleza nikaingia Ash-Shuaraa, na sikurudi tena. Karibu nusu ya sura sikuisoma. Mwanamke huyu hakuharibu kitu. Alileta maji wakati wanaume tulipokuwa tunatazamana."

Kisha Sinani akacheka kwa uchungu.

"Sheikh, una huruma, nayo imekupoteza. Tulikuwepo hapa! Tulimsikia Musa, tukamsikia Firauni, tukasikia bahari imepasuka. Leo utuambie hukusoma? Unamtungia uongo huyu mwenye mkosi apate kupona."

"Tulisikia," wakasema wengine. "Musa tulimsikia, Sheikh. Kisa ni kile kile."

Wathila aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika vinywa vyao, alihisi kama mtu aliyepigwa kwa mkono wake. Akasema, "Na mimi nilijiambia hivyo. Basi nijibuni: mwisho wa Al-Aaraf kuna sijda. Nani kati yenu alisujudu siku ile?"

Watu wakageukiana. Mwishowe Mzee Dhirari akajikongoja mbele kwa fimbo yake.

"Wallahi hatukusujudu," akasema. "Mimi nakumbuka. Magoti yangu haya, kila sijda ya kisomo huwa ni mashitaka mbinguni. Siku ile nilikaa nikiingoja kwa hofu, na ilipokosa kuja nilifurahi, nikasema labda nimekosea siku. Mola anisamehe, nilifurahi kama mtoto aliyekosa kwenda chuoni."

Mtu mmoja alicheka kidogo, kisha akanyamaza haraka. Sasa walikuwa wameamini, na kuamini kwao kukawa kama moto uliofunuliwa. Sinani aliiachia kamba, akamkabili Wathila.

"Basi ni wewe! Tumezika huku umekaa kimya! Mwanangu wa mwisho amekufa huku wewe unajua!"

"Nilijua tangu jana asubuhi," akasema Wathila. "Sitasema kwamba tauni ipo kwa sababu ya aya nilizozisahau. Mola wetu si dhalimu hata awaue watoto kwa ulimi wa mwalimu wao. Ninalosema ni kwamba mliona kosa mkamfunga asiye nalo, nami nikanyamaza. Hilo ni langu, na sina wa kumtupia. Mfungueni kwanza, kisha mnifanye mtakalo."

Sinani akamng'oa kilemba, akampiga nacho usoni, kisha akavua mkanda wake wa ngozi akampiga nao mpaka mkono ukachoka. Hakuna aliyemshika. Wathila hakuinua mkono kujikinga. Mzee Dhirari alikuwa amepiga magoti, yale yale yanayomuuma, akihangaika na fundo la kamba ya Lubaba kwa meno, kwa kuwa vidole vyake havikuwa na nguvu.

Lubaba alipofunguliwa, Wathila akamgeukia, damu ikimtoka kwenye nyusi. "Haikuwa mikono yako, Bi Lubaba. Jana uliniuliza, nami nilijua, nikakupa maneno ya subira badala ya jibu. Nisamehe ukiweza."

Lubaba alimtazama usoni. Akasema, "Sheikh, tangu jana nimekuwa nikiwataja mmoja mmoja maiti wote niliowaosha, nikiwaomba radhi kwa kuwaua." Alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa ushungi.

Wengi waliondoka wakitema mate. Mzee Dhirari akasema kwa waliobaki, "Sura haijaisha. Tusomee kilichobaki." Wathila akaketi bila kilemba, akasoma kuanzia pale alipopotea, na alipofika kwenye dua ya wachawi wa Firauni hakuiruka. Sinani alikuwa amesimama mlangoni akitaka kutoka. Aliposikia dua ile aliegemea ukuta, akashuka taratibu mpaka akakaa, mkanda ungali mkononi, akalia kwa mara ya kwanza tangu tauni ilipoingia nyumbani kwake. Walipofika kwenye sijda, waliokuwepo wakasujudu.

Wathila aliporudi nyumbani alimkuta Raita amekwisha kufariki. Bakuli la maji lilikuwa pale alipoliweka. Hakujua kama mkewe alikufa yeye akiwa bado njiani kwenda msikitini, au wakati akipigwa, au wakati akisoma. Alikaa chini kando yake. Baada ya kitambo akasikia hodi mlangoni. Alikuwa Lubaba, alama za kamba zingali mikononi mwake, amebeba ndoo ya maji.

"Nimesikia kwa jirani zenu," akasema. "Niruhusu nimwoshe."

Wasimulizi wanasema kwamba tauni haikuondoka siku ile, wala mwezi ule. Ilikaa mpaka Mola aliyeileta alipoiondoa, na ilipoondoka kulikuwa na mitaa mizima isiyo na moshi wa jiko. Watu hawakumrudisha Wathila mahali pake pa kusomea, na watoto waliosalia walipelekwa kwa mwalimu mwingine aliyeletwa kutoka mbali. Naye hakulalamika. Alimwendea Lubaba, akamwambia, "Waoshaji wanaume hawapo. Nifundishe." Akamfundisha: jinsi ya kumgeuza maiti bila kumfunua, jinsi ya kupitisha maji, jinsi ya kumsemesha mtoto. Wathila akawa mwosha maiti mpaka mwisho wa umri wake, na wapo waliovuta nguo zao walipokutana naye njiani. Sinani alipokufa, miaka baadaye, aliacha wasia kwamba asiguswe na mwingine ila Wathila.

Inasemekana watu wa misiba walikuwa wakimwomba Wathila awasomee kisa cha Musa wakati wa kazi yake. Kabla ya kusoma alikuwa akikaa kidogo na mfiwa, akimsikiliza analia nini, ndipo achague sura. Aliyekuwa na hofu alimsomea pa hofu, aliyekata tamaa alimsomea pale mama yake Musa aliporudishiwa mtoto, na aliyeishiwa nguvu alimsomea Al-Aaraf.

Basi ndugu zangu katika imani, anayekutana na kisa cha Nabii katika sura moja kisha akakikuta tena mbele, asiseme, "Hiki nimekwisha kukijua," akakipita. Mola wetu hakosi la kusema hata arudie bure. Huenda mara hii limewekwa kwa ajili yake, na huenda limewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa nyuma yake ambaye bado hajapata lake. Na anayelijua kosa lake huku mwingine amefungwa kwa kosa hilo, asimpelekee maneno ya subira. Akamfungue kamba kwanza. Tunamwomba Mwenye kumimina subira atumiminie nasi, na asiyafanye maneno yake kuwa pazia la woga wetu.